Je, Mchuuzi ni Tusi? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Majina ya Watu wa Biashara

Barua tulizopokea safari hii zinahusu majina tunayowapa watu wanaoishi kwa kununua na kuuza. Tumezifupisha kwa ajili ya nafasi, lakini hoja za waandishi hatukuzigusa.

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Katika insha ya "Familia Yangu", mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba mama yake ni mchuuzi wa samaki. Mwalimu mwenzangu aliyenisaidia kusahihisha alilikata neno hilo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "mjasiriamali", na pembeni akaongeza kwamba si adabu kumwita mzazi mchuuzi. Mtoto amenyong'onyea. Je, kweli neno hilo ni tusi?

Jibu: Si tusi, mwalimu, na kama daftari lile bado liko mikononi mwako ningekuomba ulirudishe neno la mtoto mahali pake. Mchuuzi ni mtu anayenunua bidhaa ili aziuze tena rejareja, aghalabu kwa mtaji mdogo. Jina lake limetokana na kitenzi kuchuuza, ambacho wengine hukitamka kuchuruza, na ndiyo maana utakutana pia na mchuruzi katika kamusi.

Ili kuona uzito wa neno hili, fika siku moja Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, kabla jua halijapanda. Dalali amesimama mbele ya mafungu ya changu na vibua, anataja bei kwa sauti isiyopumua, na wanaomzunguka wanamjibu kwa kidole au kwa kukonyeza jicho tu. Mama anayeshinda bei ile ni mnunuzi kwa muda wa dakika mbili hivi. Akishatia samaki wake kwenye ndoo, akapanda nao gari hadi Mbagala, akawaparua magamba, akawakaanga na kuwapanga kwenye sinia mbele ya nyumba yake, amekwisha kuwa muuzaji. Na kesho alfajiri, Mungu akipenda, atakuwa mnunuzi tena. Kununua ni tendo na kuuza ni tendo, na kila mtu huyatenda yote mawili kwa wakati wake. Kijana aliyeajiriwa dukani ni muuzaji ingawa hajawahi kununua hata kiberiti cha duka lile, na baba anayebeba kilo ya nyama kwenda nyumbani ni mnunuzi ingawa haiuzii chungu chake. Lakini kazi ya yule mama, ile inayoyafunga matendo mawili pamoja na kuiweka riziki yake katikati yao, jina lake ni uchuuzi, na sijui neno jingine la Kiswahili linaloisema kwa ufupi namna hiyo.

Hata huo udogo ambao mwalimu mwenzako ameuona katika neno haumo katika mzizi wake. Vuka mpaka uende Rwanda au Burundi, utakuta kwamba umucuruzi, ambalo ni la mzizi huo huo, ni mfanyabiashara wa daraja lolote, awe na meza ya nyanya au msururu wa malori, na ubucuruzi ndiyo biashara kwa jumla. Wizara ya Biashara na Viwanda ya Rwanda kwa Kinyarwanda huitwa Minisiteri y'Ubucuruzi n'Inganda. Neno tunaloona haya kuliandika kwenye daftari la mtoto, huko limepakwa rangi kwenye kibao cha wizara.

Kuhusu mjasiriamali, sina ugomvi na neno lenyewe. Limeundwa vizuri kutokana na jasiri na mali, nalo humfaa mtu anayeihatarisha mali yake katika shughuli mpya kwa matumaini ya faida. Lilienea sana katika hotuba na semina, kisha likaingia katika nyaraka za serikali: Desemba 2018, Rais John Magufuli alipowakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000, kila kimoja kikilipiwa shilingi 20,000, kwa watu ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, vitambulisho vile viliitwa vya wajasiriamali wadogo. Tangu hapo wengi wameona kwamba kila anayeuza mafungu manne ya mchicha ni lazima aitwe hivyo, na mimi huona kwamba jina likimfaa kila mtu halimwelezi mtu yeyote. Hata hivyo ni lazima nikiri kwamba mtu anayechukua samaki kwa mali kauli alfajiri, akijua kwamba ikifika saa nane mchana bila wateja atakuwa na deni la dalali na ndoo ya samaki walioharibika, ana ujasiri wa mali kuliko wengi wanaojiita hivyo kwenye kadi zao. Mtoto anaweza kuandika kwamba mama yake ni mchuuzi na ni mjasiriamali pia. Kosa ni kumwambia kwamba la kwanza ni aibu.

Swali: Ninaishi Mombasa, na mwanangu anajifunza Kiarabu madrasa. Juzi alinisahihisha akisema kwamba tajiri maana yake ni mfanyabiashara, si mtu mwenye mali nyingi. Je, sisi Waswahili tulilichukua neno hilo kimakosa?

Jibu: Mwanao amesema kweli kuhusu Kiarabu, mama, lakini wewe pia hukukosea kuhusu Kiswahili. Katika Kiarabu tājir ni mfanyabiashara, na tijāra, ambayo kwetu ni tijara, ni biashara. Katika miji ya pwani, mtu aliyejulikana kuwa na mali nyingi mara nyingi alikuwa ni yule mwenye shehena bandarini na bohari lililojaa, basi jina la kazi likageuka taratibu kuwa jina la hali, hata leo mkulima mwenye mashamba mengi ambaye hajawahi kufungua duka naye huitwa tajiri.

Maana ya zamani, hata hivyo, haikufa. Wavuvi wengi wa pwani yetu, Kenya na Tanzania, humwita tajiri yule mtu aliyetoa chombo, nyavu au mashine, ambaye wao nao wanawajibika kumpelekea samaki wanaovuliwa. Dereva wa daladala naye husema jioni kwamba anapeleka hesabu kwa tajiri, hata kama tajiri huyo ana gari moja tu, tena lenye mkopo. Hapo hawazungumzii wingi wa fedha alizo nazo mtu, bali wanamtaja yule ambaye mtaji wake ndio unaozunguka.

Tajiri alikuwa na bahati. Majina mengine ya wafanyabiashara yaliyotufikia kupitia Bahari ya Hindi yaliishia pabaya zaidi. Bazazi, kwa asili ya Kiarabu, ni muuza nguo, mtu mwenye majora yake na kipimo chake cha dhiraa. Kwetu alikuwa mfanyabiashara kwanza, kisha mfanyabiashara mjanja, na leo ukimwita mtu bazazi umemwambia kwamba ni laghai. Baniani limetokana na neno la Kigujarati la watu wa tabaka la biashara, na kila Mswahili anajua methali iliyomngoja: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Watu walimnung'unikia bei na madeni, na bado walirudi dukani kwake kwa sababu kile walichokihitaji kilikuwa kwake.

Bepari ndilo lenye safari ndefu kuliko yote. Katika Kigujarati vepari ni mfanyabiashara tu, wala hana ubaya wowote, na katika Kiswahili cha zamani nako alikuwa hivyo. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, nchi ilihitaji neno la kumtaja mtu anayeishi kwa jasho la wengine kwa sababu ana mtaji, na bepari ndiye aliyeteuliwa kubeba mzigo huo pamoja na mwenzake kabaila. Ubepari ukawa jina la mfumo mzima wa uchumi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, na jina alilolichagua ni Mabepari wa Venisi. Msomaji makini ataona mambo mawili hapo: kwamba mfanyabiashara amekuwa bepari, na kwamba mmoja amekuwa wengi. Aliyezoea maana ya kale anaweza kulisoma jina hilo kama wafanyabiashara tu, na aliyelelewa na Azimio atalisoma kama hukumu.

Nimewahi kujiuliza kwa nini majina haya ya wauzaji huteleza kuelekea ujanja na unyonyaji, na sijaona hata moja lililoishia kwenye ukarimu. Mnunuzi hakupatwa na hayo. Mshitiri, neno la zamani la mnunuzi lenye asili ya Kiarabu, limezeeka bila doa. Nadhani sababu ni kwamba sisi tunaozungumza lugha, wengi wetu na kwa muda mwingi wa maisha yetu, tuko upande wa pili wa meza ya duka, na anayelipa ndiye anayenung'unika. Ukipenda, mwambie mwanao pia kwamba ile sayari kubwa tunayoiita Mshtarii ina jina ambalo katika Kiarabu hufanana kabisa na neno la mnunuzi; atafurahi kuwa na jambo la kumuuliza mwalimu wake.

Swali: Nimezaliwa Nairobi na sasa nafanya kazi Arusha. Kwetu nikisema "mlanguzi" kila mtu anafikiria dawa za kulevya au usafirishaji wa binadamu. Hapa nimewasikia watu wakisema "walanguzi wa tiketi" siku ya mechi, na mzee mmoja alinieleza kwamba enzi zao mlanguzi alikuwa ni muuza sukari. Nani yuko sahihi, na mlanguzi ana tofauti gani na dalali?

Jibu: Mzee wako ndiye aliye karibu zaidi na asili. Kulangua ni kununua kitu kwa wingi, hasa kile kilichoadimika au kinachotarajiwa kuadimika, ili kukiuza baadaye kwa bei ya juu kupita kiasi. Umbo la neno ni lile lile la mnunuzi na mchukuzi: kununua hutoa mnunuzi, kuchukua hutoa mchukuzi, na kulangua hutoa mlanguzi.

Wazee wa Tanzania hulikumbuka neno hilo pamoja na miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Uganda, wakati sukari, sabuni na khanga vilipokuwa vikitafutwa kama dhahabu. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na sheria maalumu ya uhujumu uchumi ilipitishwa mwaka huo huo. Katika siku zile, mtu aliyekutwa na katoni za sabuni chini ya kitanda alikuwa mlanguzi, hata kama mwenyewe alisema kwamba ni akiba ya harusi ya binti yake. Bidhaa zilipojaa tena madukani neno lilipoteza kazi, likabaki kwenye tiketi za mechi, ambako uhaba haujaisha. Kenya, vyombo vya habari vililishika upande wake wa uharamu: kwa kuwa mlanguzi alikuwa ni mtu anayefanya biashara isiyo halali kwa siri, likafaa kwa anayesafirisha dawa za kulevya au binadamu. Matumizi yote mawili ni Kiswahili sahihi. Ila ukiwa Arusha usishtuke ukisikia kwamba jirani yako alilanguliwa. Huenda alilipia tiketi mara mbili ya bei yake.

Dalali ni mtu mwingine kabisa. Mlanguzi anaimiliki bidhaa, tena anaificha. Dalali haimiliki, naye kazi yake ni kuitangaza. Ananadi au anawakutanisha mwenye mali na mnunuzi, kisha anachukua ujira wake, na pande zote mbili zinajua kwamba upo. Siku hizi Kariakoo amezaliwa mdogo wake, winga, ambaye jina lake limetoka uwanja wa mpira, kwa mchezaji wa pembeni anayeleta mpira katikati. Winga hukupokea barabarani, hukuuliza unatafuta nini, hukupeleka duka ambalo si lake, na hukutajia bei ambayo ndani yake ameshatia cha juu. Tofauti yake na dalali iko katika hicho cha juu, ambacho wewe mnunuzi huambiwi.

Nilisema hapo juu kwamba majina mabaya hutungwa na wanunuzi. Vijijini mambo hugeuka, kwa sababu huko aliye dhaifu ni muuzaji. Mkulima wa korosho wa Mtwara atakulalamikia kangomba, na mwenzake wa kahawa wa Kagera atakutajia butura, na yote mawili ni majina ya ununuzi wa pembeni unaomwacha mkulima na bei ya kuumiza, mara nyingi kabla msimu haujafunguliwa au matunda yakiwa bado mtini. Hayo hayakutoka Uarabuni wala Gujarati. Yalizaliwa shambani, yakatungwa na anayeuza.

Swali: Mimi ni Mmachinga wa Lindi kwa kabila, na sijawahi kuuza hata pipi. Nikijitambulisha mjini watu hucheka na kuniuliza bidhaa ziko wapi. Magazeti nayo huandika mara "wamachinga", mara "machinga", mara kwa herufi kubwa. Lipi ni sahihi?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Wamachinga ni watu wa Lindi wenye lugha yao, Kimachinga, nao walikuwako kabla ya soko lolote la mitumba. Jina lao liliwaangukia wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam kwa sababu vijana wengi waliofika jijini kutoka Lindi na Mtwara walianza maisha kwa kutembeza bidhaa mkononi na begani, na wenyeji wa jiji, ambao hawakujali kutofautisha kabila na kabila, waliwaita wote kwa jina moja. Lipo simulizi jingine linalodai kwamba neno limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya vijana wanaotembea. Linachekesha, lakini mtu anayejua kwamba kuna Wamachinga wa kweli hana haja nalo.

Jambo hili si geni. Mangi ni cheo cha mtawala wa Kichaga, na leo mtoto wa Dar es Salaam anatumwa chumvi "kwa Mangi" bila kujua kwamba anamtaja mfalme. Mtaa mwingine hutumwa "kwa Mpemba", hata kama mwenye duka sasa ametoka Singida.

Kwa upande wa uandishi, ninashauri kwamba kabila liandikwe kwa herufi kubwa, Mmachinga na Wamachinga, na kazi iandikwe kwa herufi ndogo, mmachinga na wamachinga. Umbo la machinga bila kiambishi nalo limekubalika kwa umoja na wingi. Wenyewe wanalitumia katika jina la chama chao, Shirikisho la Umoja wa Machinga Tanzania, na jina ambalo watu wamejivika wenyewe haliwezi tena kuhesabiwa kuwa dharau. Kinachoweza kuwaudhi, nadhani, ni ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ambayo bila shaka ilitungwa na mtu aliyekuwa na fremu ya duka.

Swali: Muuzaji au mwuzaji? Na kwa nini tunasema "muuza samaki" lakini hatusemi "mnunua samaki"?

Jibu: Andika muuzaji, kama uandikavyo muumba na muungwana, mwuzaji utalikuta katika vitabu vya zamani. Muuza samaki humtaja mtu kwa kazi yake ya kila siku, pamoja na kitu anachokiuza, kama ilivyo kwa mla nyama au mpiga ngoma, na kiishio -ji hakihitajiki. Kununua samaki, kwa watu wengi, si kazi inayohitaji jina. Anayenunua kwa kazi tumekwisha kumtaja: ni mchuuzi.

Swali: Ninamiliki saluni mjini Dodoma. Mteja ni nani hasa: ni yule anayelipa, au hata yule anayekuja kuuliza bei akaondoka?

Jibu: Anayelipa mara moja na kupita ni mnunuzi, au kwa saluni yako, mtu uliyemhudumia. Mteja ana uhusiano na wewe. Anarudi, anajua kiti anachokipenda, na akikosekana wiki mbili unauliza habari zake. Wazee wa pwani walilitumia neno hilo pia kwa mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga, na ladha hiyo ya kutunzwa bado imo ndani yake, ndiyo maana hospitali nazo zinapendelea kulitumia siku hizi. Anayeuliza bei na kuondoka bado si mteja, ila msalimie vizuri. Kwa taarifa yako, vijana wa Nairobi wamelipa maana nyingine kabisa kutokana na ile sauti ya simu inayosema kwamba mteja hapatikani kwa sasa: wakisema fulani "ni mteja", wanamaanisha kwamba amezima simu, na pengine ndiye aliyekuahidi kulipa Ijumaa.